Haipatensheni si mawazo, usimwachishe mama dawa

Usithubutu kumwachisha mama vidonge! Umeandika kwamba cheti chake kinasema haipatensheni, yaani presha ya kupanda, ukauliza neno hilo linatamkwaje, kama aache dagaa wa chumvi, na kama asitishe dawa kwa kuwa sasa ametulia, hana mawazo. Hilo la mwisho ndilo lililotuumiza sisi.

Baba alikuwa mvuvi pale Kibirizi, mtu mpole, hana ugomvi na yeyote. Cheti chake kilikuwa na neno hilohilo. Akaja bwana mmoja anayejiita mtabibu, akatuchambulia Kiingereza: haipa ni kuzidi, tensheni ni wasiwasi, basi mzee apumzike tu, dawa za hospitali za nini? Tukamwamini, maana hapa mtaani kila mtu akikerwa husema "usinipe tensheni". Mzee akaacha vidonge. Alikula vizuri, alilala vizuri, bao alicheza. Asubuhi moja kikombe kikamponyoka, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Mkono wa kulia haujarudi, na maneno anayatafuta mpaka anatoa machozi. Yule bwana simu hapokei. Mtu asiyejua hata kufunga mashine ya presha anapata wapi ujasiri wa kufuta maandishi ya daktari?

Tensheni ya kwenye hilo neno ni ya damu, yaani nguvu yake inayosukuma kuta za mishipa. Hata wenzetu wa Burundi na Kongo wanaotumia Kifaransa, wakisema mtu ana "tension" hospitalini wanazungumzia presha, hawaulizi kama kagombana na mkewe. Mama anaweza kuwa anacheka harusini na mashine ikasoma 180/110. Mara nyingi haiumi popote. Wasiwasi huipandisha kwa muda, kweli, lakini kutulia hakuuondoi ugonjwa. Vipimo vya siku tofauti vikifika 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda, awe na mawazo au asiwe nayo. Na ikishuka akiwa anameza vidonge, ujue ni vidonge vinafanya kazi.

Chumvi apunguze, ndiyo. Ila kesho mpeleke kituo cha afya. Akae kitini dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, ndipo apimwe. Kama dawa zinamletea kikohozi au miguu kuvimba, amwambie daktari hapohapo, zipo nyingine za kumbadilishia.