Re: Kuandika majina ya wakulima kwenye OutputStream: usiache getBytes() tupu!

Mkuu wa Nachingwea, simamisha hiyo kazi kwanza. Umebandika mstari huu wa Java:

`toka.write(jina.getBytes());`

ukauliza kama ndiyo njia sahihi ya kupeleka maandishi kwenye mkondo wa baiti (OutputStream). Mstari huohuo ndio uliotuingiza matatizoni hapa Lindi, kwa hiyo nisikilize.

OutputStream haijui herufi. Inajua baiti tu, namba 0 hadi 255. Lazima mtu aamue herufi ipi igeuke baiti zipi (huo ndio usimbaji), na ukiacha mabano matupu umeiachia mashine iamue. Kwenye Java 8, ambayo bado naikuta maofisini, uamuzi unategemea umekaa kwenye kompyuta gani: Windows ya kawaida itatumia windows-1252, na seva ya Linux ambayo hakuna aliyeipangia lugha itashuka mpaka ASCII, usimbaji wa zamani wenye herufi za Kiingereza tu. Programu ni ileile, mafaili mawili tofauti.

Sisi tulikuwa tunatoa orodha ya malipo ya korosho ya chama cha msingi. Majina yaliingizwa kwa simu, na simu nyingi ukiandika ng' zinakuwekea ritifaa iliyopinda, ’, badala ya iliyonyooka. Iliyonyooka imo kwenye ASCII, inapita popote. Iliyopinda ni U+2019 (namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za lugha zote), haimo. Tukajaribu kwenye laptopu na akina Hamisi, Fatuma na Selemani, safi kabisa. Kufika kwenye seva, mkulima wa Ng’apa akawa wa Ng?apa, na kila mwenye ng’ kwenye jina la ukoo akapigwa alama ya kuuliza. Java haikulalamika hata kidogo. getBytes ikikutana na herufi isiyokuwa na nafasi kwenye usimbaji uliopo, inaweka ? na kusonga mbele.

Mpaka hapo tungepona, maana kanzidata ilikuwa bado na majina sahihi. Lakini mtaalamu tuliyeletewa, yuleyule aliyetufundisha kwamba mabano matupu yanatosha na "kompyuta itajua yenyewe", akaamuru faili lile lipakiwe upya lifute yaliyokuwemo. Likafuta. Ungeona â€™ mahali pa ritifaa usingeogopa, hizo ni baiti nzima zilizosomwa kwa usimbaji usio wake, zinarudishika. Lakini ? ni ? kweli, baiti 3F, haina kumbukumbu ya kilichokuwa pale. Hakuna programu duniani itakayokurudishia.

Tukaenda ghalani kufukua fomu za karatasi, jina kwa jina, huku watu wamejaa kwenye benchi nje wanadai pesa ya mnada, kwa sababu jina la orodha halilingani na jina la akaunti benki. Mama mmoja aliweka kitambulisho mezani, akagusa ile alama kwenye orodha yetu: "Na hapa mnaniuliza nini?" Mtaalamu wakati huo simu yake haipatikani. Mtu anayefundisha vijana kazi ya kugusa pesa za wakulima halafu hajui herufi inageukaje baiti, asifundishe. Nimesema.

Sasa andika hivi, kwa UTF-8, usimbaji wenye nafasi ya kila herufi ya Unicode:

`Writer w = new OutputStreamWriter(toka, StandardCharsets.UTF_8);`

kisha `w.write(jina)`, na ufunge w mwishoni, la sivyo mistari ya mwisho itabaki ndani isifike kwenye faili. Ukitaka baiti moja kwa moja, `jina.getBytes(StandardCharsets.UTF_8)`. Usimbaji utajwe kwa jina, kila mahali: unapoandika, na unaposoma pia.

Na huyo aliyekujibu hapo juu utumie writeBytes ya DataOutputStream, usimfuate. Ile inachukua baiti moja ya chini ya kila herufi na kutupa ya juu. U+2019 inabaki 19, alama isiyoonekana kabisa, jina linasomeka Ngapa na hutajua kilichopotea. Kuzungusha `write(jina.charAt(i))` kunafanya uharibifu huohuo.

Mtu atasema Java 18 ya mwaka 2022 imeshafanya UTF-8 kuwa chaguo-msingi. Ni kweli. Wewe unajuaje mashine ya ghalani ina Java ipi?

Ukishabadilisha, usijaribu na Hamisi. Weka Ng’apa yenye ritifaa iliyopinda, endesha kwenye mashine ileile itakayotumika msimu ukianza, halafu fungua faili kwa `hexdump -C`, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja. Baada ya g lazima uone e2 80 99. Ukiona 92, 19 au 3f, usipakie kitu popote, leta mstari wako hapa tuuone.