Kupelekwa tawi la nje kwa miezi sita: malizana kwanza na mabosi wawili

Mkuu, umeuliza utawezaje kuizoea haraka ofisi ya nje ikiwa unakwenda kwa miezi sita tu, na kama kuna haja ya kuhangaika na makaratasi kwa muda mfupi hivyo. Nimeshapelekwa kwa utaratibu huo zaidi ya mara moja. Ugeni wa chakula na hali ya hewa huisha wenyewe. Kinachochosha watu ni kuwa na mabosi wawili.

Ofisi iliyokutuma haikuachii. Wenzako wataendelea kukuandikia kana kwamba umehamia chumba cha pili, na kwa tofauti ya saa barua pepe zao zitaingia wakati unajiandaa kulala. Ofisi iliyokupokea nayo inakuhesabu kuwa ni mtu wake kamili. Safari yangu ya mwisho niliandaa ukurasa mmoja kabla ya kuondoka: kushoto kazi ninazokwenda nazo, kulia ninazokabidhi, na mbele ya kila moja jina la anayeipokea. Chini nikaweka saa ambazo kila ofisi inaweza kunipata. Niliwatumia wote wawili kwa barua pepe moja, nikaomba wanijibu kwa maandishi. Bosi wa nyumbani alifuta mistari miwili. Wa kule akauliza ni nani atakayejaza tathmini yangu ya mwaka, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Lisipoamuliwa mapema, unaweza kurudi ukapimwa na mtu ambaye hajaona kazi yako.

Makaratasi ni lazima. Katika nchi nyingi viza ya biashara inakuruhusu kuhudhuria mikutano, si kushika kazi za kila siku za ofisi. Kuhusu kodi, utasikia kwamba chini ya siku 183 hulipi kitu. Hapo wengi huishia nusu ya maelezo. Kifungu cha 15 cha mkataba wa mfano wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), unaofuatwa na mikataba mingi ya kodi baina ya nchi, kinataka mambo matatu kwa pamoja ili usamehewe kodi ya nchi unayokwenda: usizidishe siku 183 ndani ya miezi 12, mwajiri anayekulipa asiwe mkazi wa nchi hiyo, na mshahara wako usibebwe na tawi lake lililoko huko. Tawi likibeba mshahara, msamaha huo unaondoka hata ukikaa miezi miwili. Siku ya kufika, ya kuondoka na za mapumziko ukiwa huko zinahesabiwa zote. Muulize mhasibu gharama yako itaingia kwenye vitabu vya nani. Uliza pia kama nchi hizo mbili zina makubaliano ya hifadhi ya jamii. Yakiwepo, chukua cheti cha kuonyesha unaendelea kuchangia nyumbani, usije ukakatwa mara mbili.

Kuhusu kuzoea watu, mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norwei, aliandika juu ya Wanorwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kuzoea vibaya kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Tafiti za baadaye hazikukuta hivyo kila mahali, lakini mimi nauamini ugumu wa katikati: wiki za mwanzo kila mtu anakukaribisha, halafu wanarudi kwenye shughuli zao na wewe unakula peke yako. Kwa hiyo mapema, wakati bado wewe ni mgeni na kila swali linasameheka, uliza uamuzi hupitia kwa nani hasa. Katika ofisi moja niliyokaa, kikao kilikuwa cha kutangaza tu. Mambo yalishakubaliwa siku iliyotangulia, mezani kwa mtu mmoja mmoja. Nilipoanza kupita kwenye meza hizo kabla ya kikao, hoja zangu zikaanza kusikilizwa.

Na kabla ya kupanda ndege, pata kwa maandishi utarudi kwenye nafasi ipi, na nani atagharamia tiketi kama wakikuongezea muda au wakikukatisha. Ukitaja nchi unayokwenda na nani atakulipa, nitakueleza zaidi upande wa kodi.