Kituo cha watoto Arusha: kabla ya bembea, angalia maji

Vituo vingi vya jamii vinavyofunguliwa kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River huanza na vitu vinavyotoka vizuri kwenye picha: rangi ukutani, bembea, viti vidogo vya plastiki. Mfadhili naye anapenda picha. Lakini mtoto wa miaka mitatu haongezeki uzito kwa bembea. Tunaandika kwa anayeendesha kituo cha kutwa cha watoto 40 hivi, mfuko mwembamba, na tunashauri fedha za mwanzo ziende kwenye maji, sufuria, utepe wa kupimia mkono na daftari.

Usajili tuumalize haraka. Kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri, shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na kulea watoto mchana kunahitaji kibali cha ustawi wa jamii kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Watu hupata cheti cha shirika wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Kulaza watoto usiku ni kibali kingine kabisa, na kwa maoni yetu kituo kidogo kisijiingize huko: mtoto mwenye bibi au shangazi hahitaji kitanda kwako, anahitaji huyo bibi asaidiwe.

Sasa maji. Upande huu wa Mlima Meru maji hupita kwenye miamba ya volkano na sehemu nyingi hubeba madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kuna visima na vijito vinavyozidi hapo mara kadhaa. Matokeo yake kila mtu anayaona: meno ya kahawia, na pale floraidi ilipo kali sana, mifupa iliyopinda. Mtoto huambiwa hapigi mswaki, wakati jino liliharibika likiwa bado ndani ya fizi. Meno ya kudumu hujijenga hadi karibu miaka minane, kwa hiyo watoto wa kituo chako wako katika umri uleule wa kuumia.

Kosa la kwanza ni kuchemsha ukidhani umemaliza kazi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima, lakini floraidi si mdudu. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani ikiwa imekolea zaidi. Chujio la mchanga au la kauri haliiondoi pia. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto. Ubaya wake ni kwamba mkaa huo huchoka bila kuonyesha dalili yoyote: maji yanaendelea kutoka meupe na matamu huku floraidi inapita. Asiye na mpango wa kupima mara kwa mara na kubadilisha mkaa asinunue. Sampuli ya kupima ibebwe kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, ipelekwe maabara ya ubora wa maji kabla hata hujalipa kodi ya jengo.

Njia tunayoipenda sisi ni mvua. Piga hesabu: watoto 40 kwa maji ya kunywa na uji ni kama lita 60 kwa siku, yaani lita 300 kwa wiki ya siku tano. Tanki la lita 10,000 linafika wiki 33. Bati la mita za mraba 60, ukitoa moja ya tano inayopotea, hukupa takribani lita 48 kwa kila milimita ya mvua, hivyo milimita 210 hivi zinalijaza. Masika ya kawaida hapa yanatosha. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite chini, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funga wavu kwenye mdomo wa tanki, la sivyo umefuga mbu. Maji haya nayo yachemshwe au yatiwe dawa, kisha yatumike kwa kunywa na kupikia tu. Ya bomba yaoshe mikono, vyombo na sakafu. Weka ndoo mbili za rangi tofauti, ya buluu na nyekundu, na kila mpishi mpya aonyeshwe siku ya kwanza. Mahali mpango huu unapovunjika ni pale maji ya mvua yanapotumika kudeki kwa sababu tanki liko karibu.

Kuna mlango wa nyuma wa floraidi ambao wengi hawaujui: magadi. Kuyatia kwenye maharage au makande ili yaive haraka ni mazoea ya huku, na magadi mengi yana floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, bandika upya. Mkaa wa jiko utatumika zaidi kidogo, lakini meno hayanunuliwi sokoni.

Kuhusu uji tutasema jambo litakalowaudhi baadhi ya watu. Ule unga wa lishe wa nafaka saba, soya na karanga ndani ya mfuko mmoja hatuushauri. Karanga zikisagwa na kukaa, mafuta yake yanachacha, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Soya isiyoiva vizuri nayo inazuia tumbo kutumia protini. Nunua mahindi au ulezi mkavu, usage kidogo kidogo. Karanga nunua nzima, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kaanga, saga za wiki moja tu, utie sufuriani mwishoni.

Kwa watoto 40, kikombe cha mililita 250 kila mmoja, unahitaji lita 10 za uji: unga kilo 1.2, maziwa lita 3, sukari gramu 400, mafuta ya kula mililita 200, maji yajaze kilichobaki. Kikombe kinatoa zaidi ya mara mbili ya nguvu ya uji wa unga na maji peke yake. Mpishi akiona uji mzito ataongeza maji, na hapo ndipo lishe inapopotea. Badala ya maji tumia kimea cha ulezi: epua, subiri hadi moto mkali upungue, tia vijiko vichache vya unga wa kimea, koroga. Uji unalainika mbele ya macho yako. Ukitia ukiwa unatokota hautalainika, kwa sababu moto umeua kile kinachofanya kazi. Ukishalainika, rudisha motoni uchemke tena. Usitumie kimea cha mtama bila kujua kukisafisha. Chipukizi zake zina sumu.

Utepe wa mkono, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo, ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Pima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo anaenda zahanati siku hiyohiyo. Mwezi wa Juni na Julai, kwa baridi ya hapa, wahudumu hupima juu ya sweta: mtoto wa njano anakuwa kijani na hakuna anayeshtuka. Vua sweta. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa dole gumba, sekunde tatu. Ukiacha shimo kwenye yote miwili, ni hospitali, hata utepe ukisema kijani.

Daftari ndilo linalofanya hayo yote yawe na maana. Andika jina, tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kadi ya kliniki, jina la balozi, namba mbili za simu, kipimo, alipelekwa wapi, na safu ambayo karibu kila kituo huisahau: alifika? Mama hutumwa zahanati, anakuta si siku ya kliniki, anarudi nyumbani, na kituo kinahesabu kwamba kimesaidia. Jua siku za kliniki za zahanati yako, mpe karatasi yenye kipande cha kurudisha, na umwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende naye mara ya kwanza. Ukifika Mei na Novemba, orodhesha watoto wote mapema kwa ajili ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa Juni na Desemba.

Mtoto akidokeza amefanyiwa ukatili, msikilize papo hapo, usimhoji tena na tena, usimwogeshe wala kumbadilisha nguo, usiite kikao cha wazazi kumaliza kifamilia. Ukiwa ukatili wa kingono, afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa ndani ya saa 72. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Iandike kwa herufi kubwa pamoja na namba ya afisa ustawi wa kata na ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, uibandike ndani ya mlango wa jiko. Ofisi hufungwa alasiri, na watoto husema mambo haya wakiwa wanamsubiri mama awachukue, karibu na mpishi.