Jibu: Nianzie wapi kusoma historia ya Skandinavia na Uskoti?

Ndugu, nimekupata. Umemaliza tamthilia ya Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, sasa unataka vitabu vya Skandinavia na Uskoti, na mfuko hauruhusu kununua ovyo.

Usianze na vitabu vinene vya nchi moja moja. Anzia zinapokutana: visiwa vya Orkney na Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Mfalme Christian wa Kwanza, aliyetawala Denmark na Norwei, aliviweka rehani mwaka 1468 na 1469 kwa ajili ya mahari ya binti yake Margaret, aliyeolewa na James wa Tatu wa Uskoti. (Ndiyo, kule alitoa baba wa bibi harusi!) Rehani haikukombolewa.

Soma Orkneyinga Saga, masimulizi ya kale ya watawala wa Orkney, iliyoandikwa Iceland karibu mwaka 1200. Kuna tafsiri ya Kiingereza ya 1873 ambayo hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo huhitaji kuinunua, ila lugha yake ni nzito. Ukikuta mpya maktaba, chukua hiyo. Majina yanajirudia mno, chora mti wa ukoo pembeni. Ukiipenda, nenda kwa Heimskringla ya Snorri Sturluson, mwandishi wa kale wa Iceland, habari za wafalme wa Norwei.

Angalia lakini: masimulizi hayo mengi yaliandikwa karne kadhaa baada ya matukio, usiyachukue kama ushahidi kamili. Kofia zenye pembe wanazovishwa Waviking ni ubunifu wa karne ya 19. Na vitabu vinavyosifia "damu ya Waviking" mara nyingi vimebeba siasa za ubaguzi, mchunguze mwandishi kwanza. Kama ni kwa ajili ya tasnifu, muone mhadhiri wa historia kabla hujachagua mada.