Yadi ya malori: maswali yenu wiki hii

Yadi ya ghala letu ina misimu miwili tu ya korosho, na pevingi, yaani tofali za zege za kutandika chini, zimeshazama mistari miwili yanapopita matairi. Fundi anasema tuliuziwa tofali dhaifu. Ni kweli? (Masasi)

Kabla hamjamwandama muuza tofali, ng'oeni tano hapo palipozama. Zikiwa nzima, kilichoshindwa kiko chini. Tofali hupokea uzito na kuugawa. Anayeubeba ni kifusi na udongo. Na uzito wenyewe si wa mchezo: sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake hadi tani 56.

Pimeni na unene. Tofali za milimita 60 ni za gari ndogo, penye semi ziwe 80. Ila hata hizo 80 huzama kama kifusi kilimwagwa chote kwa mkupuo kikashindiliwa juu juu. Kiende tabaka la sentimita 15, maji kidogo, shindilia, ndipo tabaka jingine. Kisha pitisha tipa lililojaa, polepole, nawe uchuchumae pembeni ukitazama tairi. Ardhi ikinesa kama godoro, chimba hapo ujaze upya. Mimi niliwahi kuiona ikinesa nikajipa moyo kwamba itakauka. Nilikuja kufumua kwa fedha zangu.

Mchanga wa kulaza tofali uwe kama sentimita 3. Mafundi wengi huficha mabonde ya kifusi kwa mchanga, na hiyo mistari yenu huenda ilianzia hapo.

Mtindo gani wa kupanga unafaa? (Lindi)

Mifupa ya samaki. Tofali hubanana kila upande, dereva akikata kona au kufunga breki hazisogei. Kabistoni, yale mawe ya ukingo wa pembeni, zikae kwenye zege, la sivyo ukingo utafunguka. Na mwinuko usisahaulike: sentimita 2 kwa kila mita, maji ya masika yapate pa kwenda.

Mchanga wa ufukweni si bure jamani? (Mikindani)

Bure ghali. Chumvi yake hula nondo za ndani ya zege, nao ufukwe unabaki mashimo. Tumia wa mtoni.

Nikimwaga zege badala ya pevingi? (Newala)

Inawezekana, na penye malori kusimama siku nzima mimi hulipenda. Lakini ukate viungo, yaani mistari ya kuligawa, kila mita 4 hivi, maana zege usipolipangia pa kupasuka litajichagulia. Shida yako huko juu kwenye uwanda wa Makonde ni maji. Lifunike kwa magunia ya korosho, uyaloweshe, juu yake nailoni. Ndoo chache zitatosha badala ya kumwagilia ovyo. Siku 7 lisikauke. Malori yasubiri siku 28, hata mnada ukiwa kesho.

Trela likiachwa bila kichwa, miguu yake inatoboa pevingi. (Mtwara mjini)

Uzito wote umekaa kwenye vikanyagio viwili vidogo, tofali gani litastahimili? Wape madereva vipande vya mbao ngumu, upana wa sinia, waweke chini ya kila mguu. Vifungeni kamba kwenye nguzo, vinginevyo vitaondoka na lori la kwanza.