Meza ya Nyonya: maswali yenu kabla ya kuketi

Swali: Mwezi ujao nitakuwa Singapore kikazi, mimi na wenzangu wawili. Tutapata mchana mmoja tu wa kupumua, na mwenyeji wetu anasema tusikose chakula cha Peranakan. Ndicho chakula gani, na tuagize nini tusije kujuta? (Mama M., Kampemba, Lubumbashi)

Jibu: Mama M., Waperanakan ni uzao wa wafanyabiashara wa Kichina waliohamia Melaka, Penang na Singapore wakaoa wanawake wa huko. Mwanamume huitwa Baba, mwanamke Nyonya, na jiko ni la Nyonya: mapishi ya Kichina yaliyokutana na ukwaju, mchaichai, tui la nazi na pilipili za Kimalayu. Singapore, mitaa inayojulikana zaidi kwa chakula hicho ni Katong na Joo Chiat.

Vyakula huwekwa katikati ya meza, kila mtu na sahani yake ya wali. Kwa hiyo msiagize kila mtu chake. Watu watatu wanatoshwa na vyakula vinne, na kosa la wageni ni kuchagua vyote vya tui la nazi: mnashiba kabla sahani hazijafika nusu. Chagueni kimoja kizito (ayam buah keluak, yaani kuku na mbegu nyeusi), kimoja kichachu (samaki wa gerang asam), na chap chye, kabichi iliyopikwa na uyoga na tambi nyembamba. Cha kuanzia kiwe kueh pie tee, vikombe vidogo vikavu vinavyojazwa mboga. Hivyo mvile vikifika tu. Mkianza kupiga picha, mboga inatoa maji na kikombe kinalegea.

Pembeni italetwa sambal belacan, pilipili iliyotwangwa na kamba waliochachushwa. Harufu yake ni kali, lakini aliyezoea bitoyo, samaki wa chumvi, hatashtuka. Kijiko hushikwa mkono wa kulia, uma unasukuma tu. Kisu hakiji, na vijiti si desturi yao. Bukari (ugali) hakuna, hata mkiomba kwa machozi.

Kuhusu hela: penye alama ++ kwenye bei, ongezeni 10% ya huduma, kisha 9% ya kodi juu ya jumla hiyo. Chakula cha dola 100 kinakuwa 119.90. Matabishi (bakshishi) hayatarajiwi.

Swali: Nimesikia hiyo mbegu nyeusi ina sumu. Kwa nini mtu alipe kula sumu? (Msomaji wa Katuba)

Jibu: Ikiwa mbichi, ina sumu kweli: sianidi, ileile inayotufanya tuloweke muhogo mchungu. Mbegu hizo huchemshwa, kisha hufukiwa kwenye majivu, majani ya migomba na udongo kwa siku 40 hivi, mpaka nyama yake nyeupe igeuke nyeusi. Zinazofika sokoni Singapore zimeshapita huko. Hata hivyo mpishi huzisugua na kuziloweka siku kadhaa akibadilisha maji kila siku, anapasua ule mdomo laini wa ganda, anachokoa nyama na kuinusa mbegu moja moja. Iliyoharibika ikimponyoka, uchungu wake unaingia kwenye sufuria nzima. Nyama nzuri hutwangwa na kamba au nyama ya kusaga, inarudishwa ndani ya ganda, na ganda linapikwa pamoja na kuku.

Ndiyo maana mbegu huhesabiwa. Ulizeni sahani ina ngapi kabla ya kuagiza, maana wengi hula kuku na mchuzi wakaacha maganda, na utamu wenyewe umo humo. Shika ganda kwa mkono wa kushoto, ingiza kijiko chembamba, toa kiasi cha ukucha wa kidole gumba, changanya na wali. Rangi ni ya oili iliyomwagwa kutoka injini. Ladha iko kati ya kakao isiyotiwa sukari na uyoga.

Swali: Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini huko? (Baba H., Kamalondo)

Jibu: Baba H., shika neno moja: babi, yaani nguruwe. Ayam ni kuku, ikan samaki, udang kamba. Ila jina halitoshi. Ngoh hiang, nyama ya kusaga iliyoviringishwa na kukaangwa, haitaji babi kwenye jina, na ndani yake kwa kawaida kuna nguruwe. Chap chye huenda ikapikwa kwa supu ya nguruwe. Na ganda la buah keluak laweza kujazwa nguruwe hata kama chakula kinaitwa cha kuku. Usijaribu kuchuja sahani moja moja. Tafuta mkahawa wenye cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore.

Swali: Nataka hasa vile vitamu vya rangi rangi, kueh. Naweza kuwaletea watoto? Na kuna kimoja ninachoweza kupika hapa kwetu? (Mama T., Kenya, Lubumbashi)

Jibu: Kueh ndizo sababu ya kwenda mchana badala ya jioni. Nyingi hutengenezwa asubuhi kwa unga wa mchele au wa muhogo na tui la nazi, na jioni zimeanza kukakamaa. Friji ndiyo inaziua kabisa, kwa kuwa wanga ukipoa sana unakuwa mgumu. Ondeh-ondeh, vidonge vya kijani vilivyoviringishwa kwenye nazi, tia kizima mdomoni na ufumbe midomo kabla ya kuuma: ndani kuna sukari guru iliyoyeyuka, nayo hurukia blauzi ya jirani. Kueh lapis ni tabaka juu ya tabaka, na wenyeji wengi huibandua moja moja. Za watoto ziwe vitobosha vya nanasi, ambavyo ni vikavu na vinavumilia safari.

Ya kupika Lubumbashi ni bingka ubi, keki ya muhogo. Chukua muhogo mtamu, ule unaouzwa wa kuchemsha, kamwe si mchungu wa unga. Umenye, uukune kwenye kikwaruzo chenye tundu ndogo, upate kilo 1. Kamua kwa kitambaa, maji yaache dakika 15, mwaga ya juu, ule wanga mweupe uliotulia chini urudishe kwenye muhogo. Anayeruka hatua hii hupata keki yenye maji katikati. Ongeza sukari gramu 250, tui zito mililita 400, mayai 2, siagi gramu 60 iliyoyeyushwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Mimina kwenye chombo kilichopakwa siagi, kina chake sentimita 4, uoke kwa nyuzi 180 kwa saa moja au zaidi kidogo, mpaka juu pawe kahawia. Kwa mbabula (jiko la makaa), makala machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ukigeuza hesabu hiyo, chini kutaungua na juu kutabaki peupe.

Sasa sehemu ngumu: usikate. Ikiwa ya moto inavutika kama gundi na kushika kisu, na watu hudhani haijaiva, wanairudisha motoni mpaka inakauka. Iache saa 4, pakaza kisu mafuta, ndipo ukate. Ikibaki mpaka kesho, kaanga vipande kwenye siagi kidogo, dakika 2 kila upande.