Samaki hii, samaki huyu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa boti, nachukua wageni Kunduchi nawapeleka Mbudya. Juzi nilikuwa na wanafunzi, nikawaambia: "Hii samaki inaishi kwenye anemoni. Inalinda mayai yake na kuipepea mpaka ipate hewa. Jike likifa, dume linageuka jike." Mwalimu wao akanikatiza, akasema Kiswahili changu kibovu. Kosa liko wapi, na Dar nzima tunasema hivyo? Na huyu ambaye Wazungu humwita kwa jina la mchekeshaji wa sarakasi, sisi tumwiteje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwite samaki wa anemoni. Hukaa katikati ya minyiri inayochoma ya anemoni, kiumbe wa baharini, ute wa mwili wake ukimkinga, na hasogei mbali na hapo. Nyumba yake inatosha kumtambulisha. Waambie pia wageni kwamba yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe ni wa bahari za Asia na Australia. Wa kwetu ni kama yule mwenye mstari mweupe mmoja mgongoni.

Sasa "hii samaki inaishi". Nimelivumilia redioni, nimelivumilia kwenye daladala, leo limenifuata mpaka Mbudya. Neno samaki tumelitoa Kiarabu, samak, nalo halina kosa. Kosa ni kusahau kwamba kwetu mtu na mnyama hufuata ngeli ya A-WA, umbo la jina liwe lolote. Kiboko hiki ni cha kuchapia. Kiboko huyu yumo Rufiji. Mtoto wa miaka minne hawachanganyi.

Turudi kwenye sentensi yako: "Inalinda mayai yake na kuipepea mpaka ipate hewa." Nani apate hewa? Umetaja samaki, umetaja anemoni, umetaja mayai, kisha ukawatia wote ndani ya "i" moja. Mwanafunzi makini ataelewa kwamba samaki anaipepea anemoni. Au anajipepea mwenyewe, kama abiria wa Mbagala saa nane mchana! Kumbe mayai yamegandishwa kwenye jiwe, chini ya anemoni, na baba yao huyapitishia maji kwa mapezi kwa muda wa wiki moja hivi, hadi yaanguliwe. Sema: "Anayalinda mayai yake na kuyapepea mpaka yapate hewa." A- ni baba, ya- ni mayai. Silabi mbili tu, na hakuna wa kupotea. Na anemoni naye ni mnyama, anakamata na kula, kwa hiyo ni "anemoni huyu". Tumbawe nitaliacha liwe "hili", maana jina hilo limeshikamana na jiwe tunalojengea.

"Jike likifa" nalo linaniuma. Wingi ni majike, sawa, lakini mmoja ni "jike akifa". Li- hiyo inamfanya lijitu. Ni kweli jike ndiye mkubwa kuliko wote katika anemoni wao. Basi sema "jike mkubwa". Akifa, dume wake hugeuka jike, na mdogo anayefuata hushika nafasi ya dume. Zipo lugha ambazo msimuliaji hapo hulazimika kubadili kiwakilishi katikati ya hadithi. Sisi tunasema: "Alikuwa dume, sasa ni jike, anataga." A- ileile, mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kilikuwa tayari kwa samaki huyu kabla hujampandia boti, nawe unaitupa hiyo a- majini!

Soko la Feri, kwenye mnada wa samaki, mtu akiuliza "samaki hii bei gani", siku hizi nanyamaza. Jua kali, ana haraka, na samaki ameshakufa. Wewe unamwonyesha akiwa hai, kwa watoto ambao hawajapata kumwona.

Halafu soma tena barua yako, mstari wa mwisho. Ulipoacha kuhutubia ukaanza kuuliza kwa moyo, uliandika: "Na huyu." Hivyohivyo, mwanangu, safari ijayo.